Re: Davis alibebwa na mshua wake?
Mkuu umeuliza kama Benjamin O. Davis Jr. alipata ujenerali jeshi la anga Marekani kwa kubebwa na mshua wake mwanajeshi, hapana aisee. West Point, chuo cha maafisa wa jeshi la Marekani, aliingia 1932 na miaka minne yote wenzake wazungu walimsusa, chumba anakaa peke yake, anakula kimya, hasemeshwi mpaka kamaliza 1936, na urubani aliomba wakamkatalia sababu ya rangi. Sisi tuliokulia Ukonga tunaangalia ndege zikipita hii inatuuma kweli. Baadaye jeshi likafungua mafunzo ya urubani kwa weusi kule Tuskegee, Alabama, akaingia, na Vita Kuu ya Pili akaongoza marubani weusi hao kule Italia, 1954 brigedia jenerali, 1970 kastaafu luteni jenerali. Nyota ya nne, yaani cheo cha jenerali kamili, Rais Clinton kampa 1998, mzee ana miaka 85, walichelewa mno.