Uliza Fundi: "Kwani gauni moja unashona shingapi?"

SWALI: Shikamoo dada. Mi nipo Morogoro, nimefanya kazi miaka 6 kwenye kiwanda cha nguo za kusafirisha nje, mwishoni nilikuwa chumba cha sampo (nguo za mfano), napima na kuangalia nguo inavyokaa mwilini. Mkataba umeisha hawajaniongezea. Sasa kuna wadada wawili wa Dar wana lebo zao wananitaka niwatengenezee pateni (michoro ya karatasi ya kukatia nguo) na kuwasimamia mafundi wao, ila mmoja kaniuliza "kwani gauni moja unashona shingapi?" nikakosa jibu. Nawaelezaje kazi yangu na natoza vipi? — J., Morogoro

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hilo swali mi nimeulizwa mpaka nimezoea, na tunalitaka wenyewe, maana mtu akituuliza tunafanya nini tunajibu "nipo kwenye mambo ya nguo", sasa ataelewaje. Mwambie hivi: wewe hushoni, wewe unaandika ile karatasi ambayo fundi yeyote, awe wa Kariakoo awe wa Guangzhou, akiisoma anatoa nguo ileile bila kukupigia simu. Kifua kinapimwa wapi (mi napima sentimita 2.5 chini ya kwapa, nguo imelazwa mezani), kikizidi au kupungua sentimita 1 napokea, zaidi ya hapo narudisha, na saizi inayofuata inaongezeka ngapi.

Kama bado haelewi mpe mfano. Kuna mteja aliniletea gauni la kitenge, mvaaji akinyanyua mkono kushika bomba kwenye daladala gauni zima linapanda juu ya magoti. Fundi kashachimba kwapa mara mbili, na kila akichimba hali inazidi, mteja keshaanza kumtukana. Sasa kwapa likiwa chini sana mkono unakuwa kama umeshonewa ubavuni, ukiuinua unaburuta kila kitu. Nikapandisha kwapa sentimita 2 kwenye pateni, nikatanua mkono pale kwenye msuli, nikashusha kidogo kile kichwa cha mkono kinachokaa begani. Ile ya kwanza haikuokoka, kitambaa kikishakatwa ndo basi, tukakata nyingine, akavaa akanyoosha mikono juu kama anashangilia goli na gauni limetulia. Kazi yangu ilikuwa mistari mitatu kwenye karatasi na sindano sikushika kabisa.

Halafu kabla ya kukata chochote fua kitambaa, usije ukasahau hili hata kama mteja ana haraka za Idi. Chora boksi la sentimita 50 kwa 50, fua, anika, piga pasi, pima tena. Ikirudi 48 kwa urefu imepungua 4%, maana yake gauni la urefu wa 100 lazima ulikate kama 104 hivi, la sivyo mteja wake atalivaa mara moja tu, akifua linakuwa blauzi.

Hela sasa. Usitoze kwa kipande, ukitoza kwa kipande umeshakubali kuwa ni fundi cherehani. Toza kwa staili, yaani kwa kila muundo wa nguo: pateni, karatasi ya vipimo na fitingi 2 (kumvalisha mtu kuona inavyokaa), vyote bei moja, nusu inaingia kwenye simu kabla hujagusa mkasi. Fitingi ya 3 analipia, isipokuwa kama kosa ni lako, hapo unarekebisha bure na unanyamaza. Mi mteja wangu wa kwanza nilimfitia gauni lile lile mara 5, leo anataka mkono mrefu kesho anataka la kukata mabega, yote kwa bei ya mara moja, na salio lenyewe nililidai mpaka nikachoka nikaacha. Siku za kwenda kusimamia kazi kwenye karakana ya fundi wake zihesabu pembeni, kwa siku. Kujua ya siku ni ngapi, chukua mshahara wako wa kiwandani gawa kwa 26 halafu zidisha mara 2. Usione aibu na hiyo mara 2, huko hakuna likizo, NSSF unajichangia mwenyewe, na kuna wiki simu haiiti.

TIN, namba ya mlipakodi, kachukue TRA, ni bure. Ukifanyia kampuni watakukata kodi ya zuio 5%, usigombane nao ila dai cheti cha makato, wengi wanakata halafu cheti hukioni.

Na sampo ya mwisho iliyokubaliwa zitengenezwe 2 zinazofanana, zote mbili mteja asaini kwenye tagi na aweke tarehe, moja inakaa kwa fundi moja inakaa kwako kabatini. Mi hiyo ndo iliniokoa, mzigo wa nguo 300 ulitoka kola imepinda naambiwa pateni mbovu, nikatoa sampo yangu nikailaza mezani pembeni ya yao, wakaona wenyewe fundi kabadilisha gamu ya kwenye kola (kile kitambaa cha ndani kinachoifanya isimame) kaweka ya bei rahisi.

SWALI: Dada, lazima nijue zile programu za kompyuta za kuchora pateni ndo nianze kujitegemea? Sina hata laptop. — Msomaji, Tanga

JIBU: Sio lazima, mi nilianza na karatasi za kaki na rula, vipimo naandika kwenye daftari halafu naingiza kwenye Eksel ya simu. Programu zinasaidia sana kwenye kupandisha saizi na ukipata wateja wa nje watakuuliza, utajifunza huko mbele. Cha kununua leo ni futi kamba nzuri. Zile za kitambaa zinavutika, yangu ya zamani niliilaza kwenye rula ya chuma nikakuta imezidi nusu sentimita kwenye 60, na nilikuwa nimeshaipimia kaptula za watu miezi kadhaa.