Kichefuchefu cha mimba changa: tangawizi sawa, mwarobaini hapana

Wiki hii maswali karibu yote ni ya kutapika, nayajibu moja moja.

Nina mimba ya wiki 7, nikisikia harufu ya vitunguu vinakaangwa tu nakimbilia nje. Tangawizi inasaidia kweli au maneno ya watu? (Kizota)

Inasaidia dada, kwa wengi kichefuchefu kinapungua, ila kutapika kwenyewe usitegemee kutaisha. Watu wanapokosea ni kwenye kipimo, mtu anatwanga tangawizi nzima anachemsha mpaka chai inawasha koo, halafu analalamika kiungulia. Ya unga, nusu kijiko cha chai ndo ya siku nzima, hapo ni kama gramu 1, unaigawa mara 3 au 4. Ila kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda ongea na daktari kwanza. Na chai isitangulie tumbo tupu, kabla hujatoka kitandani tafuna kitu kikavu, biskuti au hata kiporo cha muhogo wa kuchoma, ukae kidogo ndo uinuke. Vitunguu akaange mwingine, hapo hakuna dawa nyingine.

Mama mkwe ametoka Kongwa na majani ya mwarobaini, anasema ya hospitali ni makemikali, haya ni ya asili hayana shida. Nifanyeje?

Usinywe. Mwarobaini kwa wanyama wa maabara umeonekana kuharibu mimba, na mshubiri nao uweke pembeni maana utomvu wake unaharisha vibaya. Ya asili haina maana ni salama, mbona hata sumu nyingine ni majani tu. Hofu yake lakini naielewa, kuna dawa ya hospitali iliitwa thalidomide, wajawazito walipewa kwa kichefuchefu hukohuko Ulaya, watoto wakazaliwa na mikono na miguu mifupi, ikaanza kuondolewa sokoni 1961. Ndo maana leo dawa za wajawazito zinachunguzwa sana, sasa huo mwarobaini wa sufuria nani kaupima? Ukiomba kliniki vitamini B6 watakuelekeza dozi, inasaidia kichefuchefu. Mama mkwe mwambie kwa upole kwamba nesi amekataza, mzigo wote mtupie nesi, sisi tumezoea.

Ukwaju, ubuyu na udongo wa pemba, kipi ruksa? (Chamwino)

Ukwaju na ubuyu kula, uchachu unakata kile kimate kinachojaa mdomoni, ila mi napenda ubuyu wa unga mweupe ukoroge na maji, ule mwekundu wa kwenye vifuko ni sukari na rangi. Udongo hapana. Najua unavyonukia mvua ikianza kunyesha, najua, lakini unazuia madini ya chuma yasiingie mwilini, unaweza kuwa na mayai ya minyoo, na mwingine una risasi.

Mke wangu siku ya pili hata maji hayakai, mkojo umekuwa kama chai ya rangi. Nimpe dawa gani ya kienyeji?

Kaka acha kusoma, mpeleke hospitali sa hivi. Hapo hakuna mzizi wala jani, anahitaji dripu, wapime na mkojo na malaria kabisa maana si kila kutapika ni mimba. Mkifika sema wazi tangu lini hajabakiza maji tumboni, na kama amepungua uzito sema pia. Kutapika kwa kawaida kunaanza kama wiki ya 6, kunakuwa kukali wiki ya 9 hivi, na wengi wanapumua baada ya miezi mitatu minne, ila katikati hapo mtu akishindwa hata maji haisubiriwi mpaka miezi iishe.

Vidonge vya damu nikimeza tu natapika, niviache?

Usiviache na usivifiche chini ya godoro (tunajua). Hamishia usiku ukishakula, meza kwa maji, chai ikae mbali kama saa moja au mawili. Ikishindikana rudi kliniki uwaambie, watakubadilishia.