Midrenji (spika ya sauti za kati) ya koni, kuba au honi?

SWALI: Natengeneza maboksi ya njia tatu (besi, kati na twita ya sauti kali) ya kukodisha kwenye harusi na unyago hapa Masasi. Besi ni inchi 15. Katikati niweke koni ya inchi 6 na nusu, kuba ya inchi 2 au honi? Fundi anasema nichukue yoyote yenye sumaku kubwa na wati 300, kisha niunge kapasita moja (inayozuia sauti nzito) ya mikrofaradi 4.7.

JIBU: Chukua koni ya omu 8 (kipimo cha ukinzani wa umeme). Kuba ni ya sebuleni. Uwanjani ukiifungulia sauti inaungua mapema. Honi inapiga sana kwa wati chache, lakini ya koo (tundu la nyuma sauti inapoingilia) la inchi 1 usiishushe chini ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 1,500 hivi. Besi ya inchi 15 ikipandishwa mpaka huko, sauti yake inaelekea mbele tu, waliokaa pembeni hawapati maneno.

Hiyo kapasita ndiyo inayoharibu miziki ya watu kila msimu wa korosho. Kwa omu 8, mikrofaradi 4.7 inaanzia hezi 4,200. Hiyo ni ya twita! Sauti ya mshereheshaji karibu yote iko chini ya hapo. Kuanzia hezi 400 unahitaji mikrofaradi 50, volti 100, isiyo na chanya na hasi. Ongeza koili (inayozuia sauti kali) ya milihenri 0.4 ili kuanzia hezi 3,000 kazi ichukuliwe na twita.

Na wati 300 si sauti. Ni mzigo ambao spika inavumilia, tena lebo nyingi zinataja ule wa kitambo kifupi. Angalia desibeli (ukubwa wa sauti) kwa wati 1, mita 1: spika ya desibeli 95 ikipewa wati 50 inalingana na ya desibeli 89 iliyopewa 200. Anayekupimia spika kwa ukubwa wa sumaku anakuuzia chuma.

Koni ijengewe chumba chake ndani ya boksi, kisichopitisha hewa. Kisha sukuma besi taratibu kwa vidole: midrenji ikitikisika, kuna tundu, na besi itaipigapiga mpaka koili ya ndani ya spika ichubuke. Ukipeleka mziki Mikindani au Kilwa, ukingo wa koni uwe wa kitambaa, maana sponji huoza kwa joto na unyevu.

Jihadharini pia na krosova (kapasita na koili za kugawa sauti kwa kila spika) za dukani zisizoandikwa omu. Ukiunga midrenji mbili za omu 8 sambamba zinakuwa omu 4, na ile kapasita ya 50 sasa inaanzia hezi 800. Hapo weka mikrofaradi 100, na koili ishuke hadi milihenri 0.2.