Watoto Wakusikie Ukiomba kwa Majina

Kanisani wazazi huniuliza wafanye nini ili watoto wao wakue wakimpenda Mungu. Wengi wanataka niwatajie kitabu cha kununua, au shule yenye mafundisho mazuri ya dini. Hayo yana nafasi yake. Lakini mimi, mama wa watoto watatu niliyelelewa katika usharika wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) huku Moshi, naamini imani ya mtoto hushika mizizi nyumbani, tena katika mambo yale yale tunayoyafanya kila siku.

Kumbukumbu la Torati 6:7 inatuagiza tuwafundishe watoto maneno ya Mungu kwa bidii, "na kuyanena uketipo katika nyumba yako, na utembeapo njiani, na ulalapo, na uondokapo." Ni sebuleni, njiani na kitandani. Hata Martin Luther, ambaye kanisa letu la Kilutheri linaitwa kwa jina lake, alipotoa Katekismo Ndogo, kijitabu cha mafundisho ya msingi ya imani, mwaka 1529, aliiandika ili mkuu wa nyumba awafundishe watu wake kwa njia nyepesi. Siku hizi tumemwachia mwalimu wa kipaimara kazi hiyo, mtoto anakariri Amri Kumi ili afaulu tu.

Anza na sala ya jioni, na iwe fupi. Kwetu tunasali baada ya kula, vyombo vikiwa bado mezani, maana tukishatawanyika kuwakusanya tena ni shughuli. Pambio moja, mistari michache ya Biblia, kisha maombi. Na hapa kwenye maombi ndipo penye uzito: omba mambo ya kweli, taja watu kwa majina. "Bwana tubariki sote" haimgusi mtoto wa miaka sita. Ila akimsikia baba yake akisema, "Bwana, dada yangu kesho anafanyiwa upasuaji, nami naogopa," ataacha kuchezea kijiko. Kesho yake akirudi shule atauliza shangazi anaendeleaje. Mtoto huyo ameshaanza kuomba.

Kuna siku jibu huja tofauti na tulivyoomba. Mama mkwe wangu aliugua, tukamwombea kila jioni, akafariki. Mtoto wetu wa kati akauliza, "Kwani Mungu hakutusikia?" Nilimwambia alitusikia, na kwamba kwa nini hakumponya bibi mimi sijui. Tukasoma pamoja Yohana 11, pale Yesu alipolia machozi akienda kaburini kwa rafiki yake Lazaro. Nakusihi, mzazi mwenzangu, usiharakishe kumpa mtoto aliyefiwa jibu la kumnyamazisha. Mwache aulize, hata swali lile lile wiki nzima.

Sadaka nayo iwe yake. Sarafu unayomtilia mkononi mlangoni mwa kanisa ni sadaka yako, yeye ni mbebaji tu. Mtoto wetu wa mwisho alipewa kuku mmoja amtunze mwenyewe, na mayai ya kwanza akasema anampelekea Mungu. Wanaosali huku wanaujua mnada wa baada ya ibada: ndizi, maziwa, maparachichi, vyote vinanadiwa nje ya kanisa. Mayai yake mawili yalinunuliwa na mzee mmoja kwa bei ambayo dukani ungepata sita, kisha mzee akayarudisha yanadiwe tena. Mtoto alisimama mbele kabisa, hapepesi macho. Njia nzima kurudi nyumbani tuliongea habari ya utoaji, na mwenye maswali alikuwa yeye.

Jambo moja nalipinga kabisa: kumgeuza Mungu kuwa fimbo. "Ukidanganya Mungu atakuchoma" itamtuliza mtoto leo, lakini akikua atamkwepa Mungu kama anavyomkwepa mwalimu wa zamu. Akikosea mrekebishe wewe mzazi, kisha mwombeni Mungu msamaha pamoja, na kosa lile lisitajwe tena mezani.

Wakiwa wakubwa wakaenda bweni, sala ya pamoja inakuwa ngumu. Wetu wa kwanza hupiga simu mwisho wa wiki kupitia kwa matroni, dakika chache tu. Tukishasalimiana na kumaliza habari za ada na sabuni, namuuliza, "Tukuombee nini wiki hii?" Naandika kwenye daftari lililo karibu na Biblia, na jioni ile ile wadogo zake wanalitaja jina lake na jambo lake. Wiki inayofuata, kabla sijamuuliza, yeye ndiye huanza: "Mama, na nyie niwaombee nini?"