Ucheke au ukasirike? Jibu kwa dada wa Likoni

Dada yangu, nimekusoma. Umeitafuta simu nyumba nzima huku unaongea na mamako kwa simu hiyohiyo, mumeo akaangua kicheko, ukalia. Unauliza mtu mwenye ADHD, ile hali ya ubongo inayofanya umakini na utulivu kuwa mgumu, acheke au akasirike. Mimi pia ninayo, niligunduliwa ukubwani. Cheka, ila uanze wewe. Kisa ukikisimulia mwenyewe ni chako. Akikisimulia mwengine mbele ya wageni ni kejeli, na mumeo umwambie hivyo siku ambayo hamjagombana.

Wala si uzembe. Jambo unalolishika akilini kwa muda mfupi ndilo linaloponyoka: unainuka kuzima gesi, mtu anabisha hodi, basi, gesi imeshasahaulika. Kwa hiyo utani uwe wa mtandio ulio kichwani mwako, au chenji uliyomwachia wa tuktuk. Moto na dawa havina mzaha: weka kengele ya simu, usiizime mpaka umefika jikoni. Funguo nazo zipe msumari karibu na mlango. Kwangu msumari upo, na asubuhi moja, nikiwahi feri, nilikuta umetundikwa upawa. Funguo zilikuwa ndani ya sufuria ya mbaazi. Nyumba nzima ilicheka, mimi wa kwanza.

Lakini usahaulifu ukizidi ghafla, rudi kwa daktari. Dalili za ADHD huanza utotoni, kabla ya miaka 12. Mabadiliko ya ghafla ukubwani huenda yakatokana na sonona, tezi ya shingo au kukosa usingizi. Na dawa za mtu usiazime, hata za dadako.