Bima imekataa kulipia meno yaliyovunjika ajalini: usijilipie ukanyamaza

Ndugu uliyeuliza, pole sana. Umesema boda uliyopanda iligongwa, meno mawili ya mbele yakavunjika, na bima ya kazini imekujibu kwa ujumbe wa simu kwamba matibabu ya meno ya urembo hayalipiwi. Waliotangulia kukujibu wanakwambia bima zote ni wezi, toa hela zako mambo yaishe. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Dai langu lilikuwa karibu sawa na lako, lilikataliwa, na mwishowe likalipwa.

Kwanza elewa kinachotokea mezani kwao. Bima za afya za kazini hapa Uganda kwa kawaida zimegawanywa mafungu: kulazwa, matibabu ya nje, meno, macho, uzazi. Fungu la meno huwa dogo, la kung'oa, kuziba na kusafisha. Taji (kofia ngumu inayofunika jino), meno ya bandia na kunyoosha meno mara nyingi vimeondolewa kabisa. Sasa bili ikitoka kliniki ya meno na ndani yake kuna taji, anayeipokea anaiingiza kwenye fungu la meno, anakuta taji halimo, anaikata. Hajauliza jino lilivunjikaje. Ndiyo maana kazi yako yote ni moja: kulitoa dai lako kwenye fungu la meno na kulirudisha kwenye ajali, maana hapo ndipo lilipoanzia.

Ujumbe wa simu usiupokee kama jibu. Waandikie barua pepe, uombe sababu ya kukataa kwa maandishi na namba ya kifungu cha mkataba wanachokitegemea. Wakati huohuo nenda ofisi ya utumishi kazini kwako uombe kuusoma mkataba wenyewe. Kile kijitabu ulichopewa pamoja na kadi ni muhtasari tu. Mwenye mkataba na kampuni ni mwajiri wako, wewe ni mnufaika, kwa hiyo nakala kamili iko kwake, au kwa dalali wa bima aliyewaunganisha. Mimi nilipoufungua wangu nilikuta taji limetajwa kweli kwenye orodha ya vitu visivyolipiwa, lakini sentensi inaendelea: isipokuwa pale matibabu yanapotokana na jeraha la ajali. Katika kijitabu nusu hiyo ya pili haikuwepo. Soma pia muda wa mwisho wa kupeleka madai, na kama wanadai idhini ya awali kabla ya matibabu makubwa. Ikiwa bado hujawekewa taji na hali yako inaruhusu kusubiri, omba idhini hiyo sasa hivi, kwa maandishi.

Langu lilikuwa na ugumu wa ziada, na huenda nawe ukaufikia. Kamunye, yaani basi dogo la abiria, iligonga boda tuliyopanda pale Wandegeya, hapa Kampala. Jino moja la mbele lilivunjika ncha, la jirani yake likalegea. Siku ile nilipigwa eksirei, nikafungwa waya wa kuyashikilia, na bili hiyo ililipwa bila neno. Miezi ikapita. Lile lililolegea, ambalo kwa macho lilionekana zima, likaanza kugeuka rangi kuwa kijivu, fizi ikawa na kauvimbe. Daktari akasema mshipa wa ndani ya jino umekufa, linahitaji matibabu ya mzizi (kusafisha na kuziba ndani ya jino) na baadaye taji. Bima ikakataa: taji ni urembo, na ugonjwa wa mzizi ulikuwepo kabla, kwa sababu ungekuwa wa ajali ungetibiwa wakati ule.

Hoja hiyo ya pili iliniuma kuliko ya kwanza, kwa sababu inageuza uangalifu wa daktari kuwa ushahidi dhidi ya mgonjwa. Jino lililopigwa linaweza kufa polepole. Tena baada ya ajali, jino linaweza lisihisi baridi wala kipimo cha umeme kwa wiki nyingi, hata miezi mitatu, ilhali bado liko hai. Daktari makini halikimbilii kulitoboa. Analifuatilia kwa vipimo na eksirei za kurudia mpaka dalili zijitokeze wazi. Kuchelewa huko ndiyo tiba sahihi yenyewe.

Kwa hiyo barua ya daktari ndiyo moyo wa rufaa yako, na risiti haziwezi kushika nafasi yake. Muombe akuandikie barua inayotaja tarehe ya ajali na tarehe aliyokuona mara ya kwanza; namba za meno yaliyoumia (madaktari wana namba zao, meno mawili ya mbele ya juu ni 11 na 21); hali aliyoyakuta nayo; eksirei ya siku ya kwanza ilionyesha nini kuhusu mizizi; na kwa nini matibabu anayopendekeza ni ya lazima. Akitaja taji, aeleze kwamba jino lililopoteza sehemu kubwa na kutibiwa mzizi hubaki dhaifu, na taji ni la kulilinda lisipasuke wakati wa kutafuna. Asitumie maneno kama "kurejesha tabasamu". Kwangu eksirei ya siku ile ya ajali ndiyo iliyomaliza ubishi: mizizi safi, hakuna usaha, hakuna jino lililotoboka. Wakisema ugonjwa ulikuwepo kabla, wauonyeshe kwenye picha hiyo. Eksirei yako ichukue sasa, kabla kliniki haijaipoteza.

Ambatisha pia taarifa ya ajali kutoka polisi na fomu PF3, ile ya polisi ya majeruhi, iliyojazwa na daktari. Kama hukwenda polisi siku ile, nenda. Kumbukumbu iliyochelewa inahojiwa, lakini ni bora kuliko kutokuwa nayo. Na wewe mwenyewe andika kifupi. Kurasa za hasira hazisomwi. Taja kifungu chao, taja sehemu ya ajali waliyoiruka, orodhesha viambatisho, omba jibu kwa tarehe fulani. Nakala ipeleke kwa mwajiri. Kampuni ikijua anayelipa michango ya wafanyakazi wote anafuatilia, faili linatembea.

Wakikaa kimya au wakirudia jibu lilelile, peleka malalamiko Mamlaka ya Kusimamia Bima, yaani IRA, Nakasero hapa Kampala. Inafanya kazi chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2017 na ina ofisi maalumu ya kupokea malalamiko. Huhitaji wakili kwa hatua hiyo. Peleka mfuatano wa barua zako kwa tarehe. Watataka kuona kwamba uliipa kampuni nafasi kwanza. Langu lilipofika huko, kampuni iliandika upya kwamba inalitazama dai kama la ajali. Walilipa matibabu ya mzizi yote na taji kwa bei waliyokubaliana na kliniki, tofauti ndogo nikaimalizia mimi. Niliona ni haki. Nisingeona haki kuwadai kusafisha rangi ya meno mengine, na wewe usilichanganye hilo kwenye dai, utawapa sababu ya kuliita lote urembo.

Kuna milango mingine miwili. Kama ulikuwa njiani moja kwa moja kwenda au kutoka kazini, Sheria ya Fidia ya Wafanyakazi inaihesabu kuwa ajali ya kazini, ila ni juu yako kuonyesha kwamba hukupinda njia. Mwambie mwajiri kwa maandishi mapema. Ile bima ya mtu wa tatu, inayofidia watu walioumizwa na gari, yenye stika kwenye gari lililowagonga, inatokana na sheria ya 1989 na kikomo chake ni shilingi milioni 1 kwa mtu, kwa hiyo usiitegemee kwa matibabu makubwa. Lakini namba ya gari na jina la kampuni iliyoandikwa kwenye stika vichukue hata hivyo kutoka polisi.

Jambo moja la haraka: mtu asikushawishi kung'oa mabaki ya meno hayo kwa sababu kung'oa ni rahisi na bima inalipia. Kama mizizi ni mizima, omba maoni ya daktari wa pili kwanza, hata hospitali ya Mulago kwenye idara ya meno. Wakishakutumia kifungu walichokitegemea kukukatalia, kinakili hapa neno kwa neno, ufute jina lako na namba ya kadi, nikusaidie kuandika hiyo barua.