Kuhusu Browns, na sweta la baba yako mkubwa

Mwanangu mpendwa,

Voisi yako nimeisikiliza mara tatu, ya mwisho nimemwekea na mama yako akiwa anachambua mchele. Unasema kazini kwenu huko St. Louis wamebishana mpaka muda wa chakula ukaisha, kwamba timu yenu ya zamani ya besiboli, Browns, ilibeba ubingwa wa Ligi ya American mwaka 1944, mara moja tu tangu iwe hapo mjini mpaka ikahama baada ya msimu wa 1953, na mmoja anasema ubingwa ule hauhesabiki kwa sababu wenye mpira wao walikuwa jeshini, Vita Kuu ya Pili. Ukaniuliza, baba, wewe unasemaje, unahesabika au hauhesabiki?

Nimekaa na simu siku nne nasoma habari zao, macho yameniuma. Na jamaa huyo si mwongo mama. Mastaa wao, DiMaggio jeshini, Ted Williams jeshini, Bob Feller alijiandikisha siku chache tu baada ya Wajapani kushambulia Pearl Harbor. Rais wao Roosevelt alishaandika barua Januari 1942 kwamba mchezo uendelee kwa faida ya nchi, ila wachezaji wenye umri wa kwenda jeshini waende. Kwa hiyo ligi ikabaki na nani? Wazee, watoto, na wale ambao madaktari wa jeshi waliwakataa, na Browns walikuwa nao wengi hao. Timu ya Cincinnati wakamwingiza mtoto wa miaka 15, Joe Nuxhall, akarushe mpira ligi kubwa, akatoa watu wawili tu halafu wakamtandika pointi tano, akatolewa, akarudi ligi hiyo baada ya miaka minane. Nilivyofika hapo kwenye miaka 15 nikaweka simu chini.

Maana mimi nilikuwa na miaka 15, Novemba 1978, vita ya Idi Amin. Mwalimu alishahutubia, uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo, na mgambo wa Mwanza wakaanza kuchukuliwa. Baba yako mkubwa alikuwa kipa wa timu ya mtaa pale Mabatini na sijaona kipa kama yule, sisemi kwa sababu ni kaka yangu. Alipanda lori alfajiri. Sweta lake la kudakia alilivua usiku ule akanirushia kitandani, lile la kijani alilofuma bibi yako, namba 1 ya mgongoni imekatwa kwenye shuka nyeupe na kushonwa kwa uzi mweusi. Akaniambia nishikie. Hilo tu, nishikie.

Mimi siku zote nasema, na wewe umeshanisikia mpaka umechoka, nafasi ya mtu aliyeko vitani inashikwa tu, hairithiwi.

Basi nikaishika. Mikono ya sweta nakunja mara mbili na bado inanifika vidoleni. Mechi za mwanzo nilifungwa ovyo, halafu nikazoea, halafu nikawa mzuri, kweli nikawa mzuri. Machi 1979 ndege ikadondosha mabomu Mwanza, yakaangukia kisiwa cha wanyama cha Saanane yakaua swala, na jioni yake sisi tulikuwa uwanjani kama kawaida, kocha alisema tukikaa ndani tutaumwa na mawazo. Aprili 11 Kampala ikachukuliwa, mji mzima nje. Mwezi uliofuata fainali ya mbuzi, nikadaka penalti ya mwisho, nililala upande wangu wa kushoto na mpira ukaja ukanipiga hapa kifuani ukabaki. Ule mlio wa mpira kwenye sufu nausikia mpaka leo. Wakanibeba na mbuzi pamoja.

Alirudi mwezi wa 12. Mzima, mwembamba, hacheki haraka. Jioni ya pili akaja uwanjani amevaa raba zake, akasimama karibu na goli, anangoja. Kocha akamwambia kaa benchi kwanza, dogo anaendelea. Nilikuwa nimelivaa sweta mama. Sikulivua. Aliniangalia, akasema endelea tu mdogo wangu, akakaa kwenye mzizi wa mwembe mpaka giza, na goli hakusimama tena maisha yake.

Sasa ndo maana swali lako limenishinda kulijibu vile ulivyouliza. Nikisoma habari za Hank Greenberg, mpigaji wa timu ya Detroit, roho inaniuma. Ameenda jeshini tangu 1941, anarudi Julai 1, 1945, wanampa nafasi siku hiyohiyo na anapiga homu rani, ule mpira unaopigwa mpaka nje ya uwanja. Septemba 30 anapiga nyingine besi zote zikiwa na watu, tena hapohapo St. Louis dhidi ya Browns, Detroit wanabeba ubingwa. Ingekuwaje wangemwambia kaa benchi kwanza?

Lakini tena, hao walioshikilia walikosa nini? Chet Laabs alikuwa anafanya kazi kiwanda cha vita na mpira anacheza muda uliobaki, na siku ya mwisho ya msimu, Oktoba 1, 1944, alipiga homu rani mbili Browns wakawafunga Yankees 5 kwa 2, wakaipita Detroit kwa mchezo mmoja. Mrushaji wao siku hiyo, Sig Jakucki, kabla ya msimu huo ligi kubwa hakuwa ameigusa tangu 1936. Na 1945 wakamchukua Pete Gray, mkono wa kulia hana tangu utotoni, anadaka mpira kwa kushoto, anabana glavu kwapani upande ule wenye kigutu, anautoa mpira anaurusha, yote hayo upesi. Alicheza michezo 77. Wenye mikono miwili waliporudi kutoka vitani, ligi kubwa hakuiona tena. Huyo naye utamwambia ulishika tu, hukuwa na chako? Mimi siwezi. Ile penalti niliidaka mimi, si kaka.

Ila nafasi inashikwa tu, hairithiwi, na hilo sibadiliki.

Ukinibana sana nitakwambia unahesabika... hapana, ngoja. Nilishaandika jibu hapa nimelifuta mara mbili, na mama yako anasema nikuache ulale. Baba yako mkubwa anakuja Jumapili hii kuangalia lile shamba. Sweta lipo kwenye sanduku la bibi, nondo wamekula kola tu. Hatujawahi kuongelea jioni ile, miaka yote hii. Piga simu saa kumi ya huku, umuulize yeye swali lako kama ulivyoniuliza mimi, umweleze na habari za Pete Gray. Nitaweka spika.

Baba yako